Dobi na Nyama ya Nyuzi

Ukipita mtaani kwetu asubuhi, utamsikia kabla hujamwona. Pasi yake inashuka mezani, tu, inapumua mvuke, shhh, halafu inateleza. Watu wanamwita Mkunjo, kwa sababu ni dobi na mkunjo wa suruali aliounyoosha yeye unaweza kukukata kidole. Jina lake halisi liko kwenye kibao cha mlango, ila mvua imelilamba hadi yeye mwenyewe akitaka kulisoma inabidi alikumbuke kwanza.

Mimi ni jirani yake. Nilikuwa mchukuzi wa mizigo stesheni, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Benchi lake liko kivulini, basi nikishakunywa chai ninakwenda kukaa pale, nikiongea na yeye akipiga pasi. Nasema nikiongea, siyo tukiongea. Mkunjo si mtu wa maneno. Mteja akiuliza shati lake litakuwa tayari lini, yeye anaelekeza kidole kwenye kalenda ukutani. Mteja akilalamika, anaelekeza kidole kwenye mlango. Lakini usimdhanie mkali. Kifungo cha mtu kikikatika anakishona bila kusema, na mwenye nguo haji kujua kama kiliwahi kukatika.

Mkewe alifariki binti yao akiwa bado anatambaa. Mkunjo akamlea yule mtoto ndani ya kapu la nguo, na hapa sitii chumvi. Lilikuwa kapu kubwa la mashuka safi, mtoto analala humo, na mteja akija kuchukua mashuka yake anaambiwa kwa kidole asubiri, kuna mtu. Mtoto alikua ananuka sabuni na mvuke. Alijifunza kukunja kola kabla hajajifunza kufunga kamba za viatu.

Tatizo lilikuwa jikoni. Mkunjo kupika hakujua kabisa. Kwao ilikuwa mkate na mayai ya kuchemsha, kesho yake mayai ya kuchemsha na mkate. Dada yake, ambaye mtoto anamwita shangazi na sisi wote mtaani tunamwita shangazi kwa kumwogopa, alikuwa akipita na kusema, "Wewe mtoto huyu siku moja atataga."

Ila mwisho wa mwezi kulikuwa na sikukuu yao wenyewe. Mkunjo alikuwa anafua vitambaa vya meza vya mkahawa mmoja mkubwa pale kona. Akivipeleka, anakwenda na binti. Mpishi wa pale, bwana mmoja mrefu mwenye moyo, anawaketisha jikoni kwenye meza ya pembeni na kuwapakulia nyama ya nguruwe tamu, ile iliyopikwa kutwa nzima ikachambuliwa nyembamba nyembamba, inang'aa kwa mchuzi wa sukari na nyanya. Kwenye orodha ya mkahawa ilikuwa na jina refu la kizungu. Mtoto wa dobi, aliyezoea kuona nguo zikifumuka, aliiita nyama ya nyuzi. Uma wa kwanza ulikuwa wake. Mpishi anamwinamia, mtoto anatafuna macho juu, akitikisa kichwa ndipo sahani inateremka. Nasikia Mkunjo alikuwa anacheka pale jikoni. Mimi sikuwahi kuona, nimeambiwa tu.

Basi mtoto akakua. Baba yake akamnunulia meza ya pili na pasi ya pili, akaziweka dirishani penye mwanga mzuri. Hakumwambia ni za nini, akadhani zinajisema. Binti alizipigia kazi miaka kadhaa, na mkono alikuwa nao. Halafu siku moja, duka limejaa wateja, akaja na leseni ya kuendesha lori. Alikuwa amejifunza siku za mapumziko, na kampuni ya mizigo ilikuwa imemchukua. Akaiweka ile leseni juu ya meza ya baba yake, anatabasamu.

Mkunjo aliitazama. Akawatazama wateja. Kisha akasema, na mtaa mzima ukasikia, "Mimi sina mtoto dereva."

Kwa mtu asiyesema, maneno manne ni hotuba. Binti alichomoa waya wa pasi yake ukutani, maana alilelewa vizuri, akachukua leseni yake, akatoka.

Tangu hapo salamu zikawa zinapita kwa shangazi. Binti anamsalimia baba, baba anaitikia kwa kichwa, shangazi anakwenda kumwambia binti kwamba baba yake ametikisa kichwa. Mwaka mmoja ukaja mzigo: jungu la umeme, lile la udongo ndani na mfuniko wa kioo, linalopika polepole. Ujumbe ulikuwa kwamba baba atie vitu asubuhi apige pasi yake, jioni akute chakula, aache kula mayai. Mkunjo akaliweka juu ya kabati likiwa ndani ya boksi lake, akalifunika kwa kitambaa alichokipiga pasi. Kila Ijumaa alikuwa anapangusa vumbi. Nikimwuliza, "Ndugu yangu, hilo jungu unalisubirisha nini?" ananielekeza kidole kwenye chai yangu, ninywe.

Sasa nimeeleza mengi na bado sijafika. Nivumilie.

Ilikuwa siku ya Alhamisi shangazi alipoingia akiwa hajavua hata kilemba cha jua. Hakukaa. Alisimama katikati ya duka kama askari.

"Wewe mtoto," alimwambia mdogo wake, ambaye ana mvi hadi kwenye nyusi, "zima hilo lipasi unisikilize. Mwanao anapita Jumapili. Ana mzigo wa kushusha hapa mjini Jumatatu. Baada ya hapo wanamhamishia kituo cha mbali kweli kweli, hatapita tena upande huu. Kasema hivi: akiukuta mlango wazi ataingia kusalimia. Akiukuta umefungwa, atapitiliza na lori lake akalale getini kwenye ghala."

Mkunjo alizima pasi. Kwake hicho ni kitu kikubwa.

"Usinitikisie kichwa," shangazi akasema. "Kichwa nimechoka kukibeba. Safari hii mtafutie maneno." Akageukia kwangu. "Na wewe mzee mwenzangu, usimsemee. Nakujua."

Shangazi akatoka. Nilimwona Mkunjo midomo inacheza, kama mtu anayepanga mizigo mizito na hajui aanzie upande gani. Mwishowe akainuka, akapanda kiti, akateremsha boksi kutoka juu ya kabati.

"Nyama ya nyuzi," akasema.

Nikaelewa. Mtu mwingine angeandika barua, mwingine angelia. Mkunjo alitaka mwanawe aingie, aonje, na ile nyama imsemee yeye yote aliyoshindwa kuyasema. Moyoni nikaona ni akili. Nyama haikosei maneno.

Mkahawa wenyewe ulikwisha fungwa zamani, siku hizi wanauza simu pale. Lakini yule mpishi mrefu bado yuko hai, mguu mmoja umevimba, anakaa kwa binti yake nyuma ya soko. Tukaenda. Alitupokea kwa furaha, akataka kutueleza habari ya mguu kwanza, nasi tukausikiliza mguu mpaka ukaisha. Kisha Mkunjo akataja alichokifuata.

"Ile?" mpishi akacheka. "Ile haina siri, watu ndio hawana subira. Nunua bega. Usikubali wakuuzie paja, paja ni kavu, litakuwa kama kamba. Bega lenye mafuta yake. Likate mapande makubwa, chumvi, kitunguu saumu. Moto mdogo, kutwa. Ikishalegea, mwaga maji yake, ichambue kwa uma mbili, halafu irudishe na mchuzi: nyanya ya kopo, pilipili, sukari ile ya kahawia, usiiogope, na soda. Soda inaingia mwanzo na mwisho. Soda ndiyo mwenye nyumba."

Nilimwona Mkunjo anachangamka, kama mtu aliyesikia ugenini jina la rafiki yake wa utotoni.

"Soda naijua," akasema.

"Nani asiyeijua?"

"Mimi nimeishika tangu kijana."

"Basi usiionee uchoyo," mpishi akasema. "Ndiyo inayolainisha."

Hapo, msomaji, labda wewe umeshashtuka. Sisi hatukushtuka. Mwambie mtu wa kawaida soda, anafikiria chupa, kizibo na kucheua. Mwambie dobi soda, anafikiria ule unga mweupe wa kutoa madoa. Ndiyo soda aliyoijua Mkunjo maisha yake yote. Na wala hakuwa mjinga wa kuchota kwenye ndoo ya dukani kwake. Aliniambia njiani, kwa sauti ya mtaalamu, "Ile yangu ni ya nguo. Ya kupikia ni nyingine." Tukapita kwa mama anayeuza nafaka, akanunua magadi ya kulainishia maharage, pakiti nzima. Mimi mwenyewe niliona sawa kabisa. Kama inalainisha maharage, bega la nguruwe litaponea wapi?

Jumapili alfajiri akanigongea. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe, ule mkunjo wa mkono umesimama wenyewe. Jungu alilipa nafasi mezani kwa binti, dirishani, pembeni ya pasi yake ya zamani. Nililipa jina pale pale, Bi Taratibu, kwa jinsi lilivyokaa na tumbo lake bila haraka na mtu. Tukatia nyama. Tukatia saumu. Ile soda, vijiko vya kutosha, halafu akaongeza kimoja cha heshima.

Moto ulipokolea na nyanya zikaingia, povu likapanda hadi kwenye kioo cha mfuniko. Mimi nikarudi nyuma. Mkunjo akanishika bega, macho yanameta.

"Ona. Inafanya kazi."

Kwa dobi, povu likionekana, mambo yanaenda vizuri.

Kutwa ile hatukuonja. Alikataa. Uma wa kwanza una mwenyewe, alisema. Harufu nayo haikutuambia kitu, maana duka lile limenuka soda na sabuni tangu lilipofunguliwa, na pua zetu zilikwisha zoea. Mlango alikuwa ameuacha wazi tangu asubuhi, akauzuia kwa tofali usije ukajifunga na upepo. Kila gari kubwa likinguruma barabarani, anatoka na uma mkononi, anatazama, anarudi. Alipofika kwenye kuchambua, hakukuwa na cha kuchambua. Uma ulizama kama kwenye uji. Akanitazama.

"Imelainika," nikamtia moyo.

"Sana," akasema.

Lori likaja jua likiwa limeanza kuinama. Kubwa, refu, likapaki upande wa pili kwa namna ambayo hata mimi niliyekaa na madereva miaka yote stesheni nilitaka kupiga makofi. Akashuka mwanamke wa makamo ya ujana, suruali ya kazi, nywele amezifunga nyuma. Alisimama ng'ambo ya barabara akiutazama mlango. Akalitazama tofali. Ndipo akavuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Shikamoo mzee wetu, bado mnalo tu hilo benchi?"

"Marahaba mwanangu, benchi ndilo linalotumiliki sisi," nikasema, na nilikuwa na mengine tayari, lakini nikakumbuka jicho la shangazi nikanyamaza.

Ukimya ukaingia ukavuta kiti ukakaa. Binti akazungusha macho dukani, akaona jungu.

"Kumbe ulilifungua."

Mkunjo akatikisa kichwa. Halafu nadhani alikumbuka alichokatazwa, akaongeza, "Linapika vizuri."

Alimwekea kiti. Akachota uma wa kwanza, akauinamisha kuelekea kwa binti vilevile kama mpishi alivyokuwa akifanya. Nilimwona yule mwanamke dereva wa malori anakuwa mtoto ghafla. Akafumbua mdomo. Akatafuna macho juu.

Macho yakagoma kushuka.

Mimi nami nilikuwa nimepakuliwa, na kwa ulafi wangu nilishajaza mdomo. Jamani. Nimekula chakula cha stesheni miaka mingi, lakini vile sijapata kuona. Ilikuwa sukari, halafu pilipili, halafu ni kama umelamba shuka lililo kwenye beseni. Kumeza siwezi, kutema ni aibu.

Binti akameza. Alimeza, Mungu ambariki, akanywa maji glasi nzima.

"Baba, umetia nini?"

"Bega. Nyanya. Saumu. Sukari. Soda."

"Soda gani?"

Mkunjo akaenda rafuni, akaileta ile pakiti ya magadi, akamwonyesha kwa kujiamini kabisa.

Kicheko cha binti kilianza chini, tumboni. Alijaribu kukizuia kwa mkono, kikampita puani. "Baba! Soda! Ya chupa! Nyeusi, ya kunywa!" Akainamia meza, mbavu zinamuuma, machozi yanamtoka. "Baba yangu ametufulia nguruwe!"

Mimi ningecheka kama mdomo ungekuwa huru. Lakini nilimwona Mkunjo. Uso ulikuwa umemshuka wote. Alichukua sahani ya mwanawe, akachukua na jungu, akaviweka sakafuni pembeni kama mtu anayeondoa maiti. Kile alichokitegemea kimsemee kilikuwa kimeharibika, na sasa hakuna kitu katikati yake na mwanawe, meza tupu tu. Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiomba: sema wewe, wewe unajua kusema.

Nami mdomo umejaa mapovu. Nikatikisa kichwa hapana.

Binti aliona. Kicheko kikakatika. "Baba, si kitu. Nilikuwa nacheka tu."

"Nimeharibu," Mkunjo akasema.

"Ni nyama tu, baba."

"Siyo nyama." Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Maneno yalikuwa yanatoka moja moja, kama mtu anayetoa vifungo vilivyoanguka nyuma ya kabati. "Nilisema sina mtoto dereva. Mbele za watu. Ninaye. Nilijua ninaye hata wakati ule nasema. Nilikuwa nimekununulia meza, nikaona umenikatalia mimi. Nilikasirika. Lori likipita natoka nje kuangalia. Nimeunguza mashati ya watu kwa sababu ya malori."

Mimi nilimeza ile nyama, potelea mbali, ili nisije nikakohoa pale katikati.

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?" binti akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Nilikuwa nasubiri maneno yanyooke."

"Ungenipa tu hivyo hivyo yamekunjamana, baba. Mimi si mteja."

Mkunjo alivuta pumzi. "Nisamehe, mama," akasema. Huwa anamwita mama. Nilikuwa sijasikia neno hilo mle dukani muda mrefu.

Binti alizunguka meza. Sitaeleza sana, maana nilikuwa natazama kalenda ukutani, kwa adabu. Nilichosikia ni shati jeupe likikunjwa vibaya, na mwenyewe hakulalamika.

Baadaye binti alipenga kamasi kwa nguvu, akatazama saa. "Haya. Bucha la pale kona halijafungwa. Twende tukanunue bega, na nikuonyeshe soda."

Wakavuka barabara. Kulikuwa na mteja mmoja amefika kuchukua koti, mwenye maswali mengi yule, anauliza mbona Jumapili duka liko wazi na mwenyewe anaondoka. Mkunjo alikuwa tayari ameweka mguu kwenye ngazi ya lori, anavutwa mkono kutoka juu.

"Natoka na mwanangu," alimwambia, kwa sauti ya kusikika hadi kwa fundi baiskeli. "Ndiye dereva."

Bucha lenyewe liko hatua chache tu kutoka pale. Walikwenda na lori.

Mimi nikabaki kuosha Bi Taratibu, na bega jipya lilipofika likaingia jungu safi: chumvi, saumu, na chupa ya soda nyeusi ikamiminwa juu, ikichemka kwa mapovu yake ya kistaarabu. Mkunjo aliinusa chupa tupu, akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. Binti akageuza kitufe kwenye moto mdogo, akafunika.

"Sasa hii," Mkunjo akasema polepole, kama anayepima kina cha maji kwa mguu, "ukianza saa hizi haiivi leo."

"Haiivi," binti akakubali.

"Na ghala geti linafungwa."

"Linafungwa."

Mkunjo akainamia mfuniko, akajifanya anatazama nyama. "Itaiva asubuhi," akasema.

Binti akatoka nje, akavuka barabara, akapanda kwenye lori. Mkunjo hakugeuka, ila mkono wake ulikuwa umeganda juu ya kioo. Tulisikia mlango wa lori ukifungwa kwa kishindo, kisha nyayo, na binti akaingia na begi lake la nguo, akalitua ndani ya lile kapu kubwa.

"Kuna mashuka masafi?" akauliza.

Baba yake alicheka. Sasa naweza kusema nimemsikia mwenyewe, sikuambiwa.